Kuchagua chombo cha kusafisha maji ya kunywa nyumbani: mwongozo kwa mama na mlezi wa Dodoma na Singida

Kabla hujauliza bei ya mashine ya kusafisha maji, jiulize kwanza maji yako yanatoka wapi na yana nini ndani yake. Kila chombo kinachouzwa dukani kimetengenezwa kutatua tatizo fulani. Kinachoua vijidudu huenda kisiguse chumvi. Kinachoondoa harufu huenda kisiue kijidudu hata kimoja. Mama anaweza kutoa akiba yake ya miezi kadhaa kununua mashine nzuri, na bado mtoto akaendelea kuharisha kwa sababu mashine na maji havikuendana.

Uwanda wa kati wa Tanzania una mvua chache. Dodoma mjini hupata kati ya milimita 500 na 600 katika mwaka wa kawaida, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine watu hutegemea visima virefu, visima vifupi, malambo na mashimo yanayochimbwa kwenye mchanga wa makorongo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Jiji la Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora na husambazwa na DUWASA. Vijijini, huduma ya maji iko chini ya RUWASA pamoja na jumuiya za watumia maji. Wengine hununua kwa madumu kutoka kwa wenye mikokoteni, au kwa boza. Maji haya yote hayafanani, na kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa moja.

## Matatizo matatu ya maji

Vijidudu. Hawa ndio wanaoleta kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Wengi wao hutoka kwenye kinyesi cha binadamu au mnyama na hawaonekani kwa macho. Maji meupe kabisa ndani ya glasi yanaweza kuwa nao. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, Dodoma ikiwemo, na hadi mwaka 2018 ulikuwa umeleta wagonjwa zaidi ya 30,000 na vifo zaidi ya 500. Kwa mtoto chini ya miaka 5, vijidudu ndio hatari ya kwanza na ya haraka zaidi, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache.

Tope. Maji ya lambo au korongo huwa na udongo, hasa mvua zinapoanza. Tope huwapa vijidudu mahali pa kujificha, hupunguza nguvu ya dawa ya maji na huziba filta haraka. Maji ya tope hutulizwa kwanza, ndipo yatibiwe.

Chumvi na floraidi. Haya ni madini yanayotoka kwenye miamba na udongo. Chumvi utaionja. Floraidi haina ladha, harufu wala rangi. Visima vingi vya Singida na baadhi ya visima vya Dodoma vina floraidi nyingi kuliko kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi karibu miaka 8, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Floraidi ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi hudhuru pia mifupa na viungo.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala floraidi. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, madini hubaki yote, hivyo maji yaliyobaki huwa na madini mengi zaidi kwa kila kikombe.

## Yajue maji yako kabla ya kununua

Jibu maswali haya nyumbani:

- Maji yanatoka wapi hasa? Kama unanunua kwa dumu, muulize muuzaji ameyachota wapi. Jibu likibadilika kila siku, yahesabu kuwa si salama na yatibu.
- Je, yana tope? Yajaze kwenye chupa safi isiyo na rangi, uiache usiku kucha, asubuhi uangalie chini.
- Je, yana ladha ya chumvi?
- Je, watoto waliozaliwa na kukulia kijijini kwenu wana meno yenye madoa ya kahawia? Hiyo ni dalili kwamba maji ya hapo yana floraidi nyingi. Usimlaumu mtoto kwamba hapigi mswaki.
- Je, kisima kiko karibu na choo au zizi, au mteremko unaelekeza maji machafu upande wake? Maji ya kisima kama hicho huweza kuwa na vijidudu na pia naitreti, ambayo ni hatari kwa mtoto chini ya miezi 6 anayepewa maziwa ya kopo. Naitreti nayo haitoki kwa kuchemsha.

Floraidi hujulikana kwa kipimo tu. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, zikiwemo za Dodoma na Singida. Uongozi wa kijiji au jumuiya ya watumia maji inaweza kuomba kipimo cha kisima, na gharama ikigawanywa kwa kaya zote huwa ndogo. Usitegemee kipimo cha kisima cha jirani. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana.

Ukoko mweupe ndani ya birika unawatia hofu akina mama wengi. Kwa kawaida huo ni chokaa ya maji magumu na haumdhuru mtoto. Unachodhuru ni mashine, kwa sababu huziba mirija na vichujio mapema.

## Njia zilizopo, na kila moja inachofanya

Kutuliza na kuchuja kwa kitambaa. Acha maji ya tope yatulie saa 12 hadi 24, kisha mimina ya juu taratibu ukiyapitisha kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kanga kuukuu hufaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimebanana kwa kufuliwa. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji ya mabwawa na mito kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Nusu ni nyingi, lakini nusu nyingine hubaki. Hii ni hatua ya kwanza tu. Shabu au unga wa mbegu za mlonge nao hukusanya tope likazama chini, lakini maji hayo bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa.

Kuchemsha. Huua aina zote za vijidudu vya kwenye maji. Subiri mapovu makubwa yaibuke kwa nguvu kutoka chini, acha dakika 1, kisha epua. Dodoma mjini iko takribani meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo linatosha. Dakika 3 huhitajika mahali palipo juu ya meta 2,000. Kuchemsha robo saa ni kuunguza mkaa bure. Udhaifu wa njia hii ni gharama ya mkaa, kuni au gesi, na kwamba maji yaliyopoa hayana kinga. Mkono mchafu ukiingia ndani, vijidudu hurudi.

Dawa ya maji (klorini). Huuzwa kama vidonge au maji kwenye chupa, WaterGuard ikiwa jina linalojulikana na wengi. Ni njia ya bei nafuu, na kinga yake hubaki ndani ya maji kwa muda baada ya kutibiwa. Soma karatasi yake uone kipimo ni cha lita ngapi, kwa sababu vidonge havilingani nguvu. Tia, koroga, funika, subiri dakika 30. Kama maji bado yana ukungu baada ya kutulizwa na kuchujwa, fuata kipimo cha maji machafu kilichoandikwa. Harufu ya dawa hupungua ukiyaacha maji saa chache kwenye chombo kilichofunikwa. Tunza dawa mbali na jua na mbali na watoto, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Usitumie dawa ya kufulia nguo badala yake. Udhaifu wake: wapo vijidudu wachache wenye ganda gumu wasiokufa kwa klorini, na haiondoi chumvi wala floraidi.

Jua. Dodoma ina jua la kutosha karibu mwaka mzima, na jua halina bili. Tumia chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizokwaruzika, za lita 2 au chini ya hapo. Jaza maji yasiyo na tope, funga, laza chupa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Kukiwa na mawingu mengi, ziache siku 2 mfululizo. Kupima tope, simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti na utazame kutoka juu kupitia mdomo wa chupa. Kama huwezi kusoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji bado yana tope. Njia hii inafaa kwa maji ya kunywa ya watoto wawili watatu. Kwa familia kubwa, chupa zitakuwa nyingi mno.

Filta ya kauri. Ni ndoo mbili zilizopandana, au chungu ndani ya ndoo, na maji hupenya taratibu kwenye udongo uliochomwa, kwa kawaida lita 1 hadi 3 kwa saa. Haihitaji umeme. Huzuia tope na bakteria vizuri. Virusi ni wadogo mno, na wengi wao hupita. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mchanga, au wakati wa kipindupindu, tia dawa ya maji kwenye maji yaliyochujwa. Isugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Ikianza ghafla kutoa maji kwa kasi kuliko kawaida, shuku ufa, hata kama huuoni, na usiendelee kuitumia.

Filta ya mchanga. Tangi la saruji au plastiki lenye tabaka za mchanga na kokoto. Hudumu miaka mingi na hufaa familia kubwa. Huhitaji karibu mwezi mmoja wa kumwagiwa maji kila siku kabla ya kufikia nguvu yake kamili, na hata hapo maji yake yanahitaji dawa kidogo mwishoni.

Mashine ya mwanga wa UV. Huua vijidudu haraka, lakini huhitaji umeme na maji yasiyo na ukungu. Umeme ukikatika, maji hupita bila kutibiwa. Haiachi kinga ndani ya maji, na haiondoi madini.

Filta ya mkaa. Huondoa harufu na ladha mbaya, ikiwemo harufu ya klorini. Ikiwa peke yake, haiui vijidudu. Ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, vijidudu huweza kuzaliana ndani yake. Mama wengi huinunua kwa sababu maji yake ni matamu, wakadhani utamu ni usalama.

Mashine za RO. Hizi husukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno. Katika vyombo vya kawaida vya nyumbani, hii ndiyo inayoondoa chumvi, floraidi na naitreti kwa kiasi kikubwa, pamoja na vijidudu. Bei yake ni kubwa, huhitaji umeme na msukumo wa maji, na vichujio vyake hubadilishwa mara kwa mara. Tena hupoteza maji. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita 2 hadi 4 kwa kila lita 1 inayonyweka. Mahali penye mgao, hilo ni la kufikiria. Kinga maji hayo ya taka kwenye ndoo uyatumie kudekia au chooni.

Makaa ya mifupa na filta maalumu za floraidi. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu maalumu hunasa floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Arusha pia ndiko Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alikobuni filta ya mchanga uliochanganywa na chembe ndogo sana za kunasa kemikali, kazi iliyompa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Filta za aina hii hujaa. Zikijaa, floraidi hupita na hakuna dalili utakayoiona. Usinunue kama muuzaji hawezi kukuambia filta itabadilishwa baada ya lita ngapi, na nani ataibadilisha.

## Mfano wa nyumba tatu

Nyumba ya kwanza ni ya mjini Dodoma. Ina bomba, mgao na simtanki. Kisima cha mamlaka huenda ni salama, lakini bomba likikaa tupu, maji machafu ya ardhini huweza kuingia kwenye nyufa zake. Maji ya kwanza baada ya mgao yatumie kufulia au kudekia. Simtanki isiyosafishwa mwaka mzima nayo huchafua maji yaliyokuwa mazuri. Nyumba hii haihitaji mashine ya bei kubwa. Isafishe tangi, kisha itumie dawa ya maji, kuchemsha, au filta ya kauri pamoja na dawa. Kama chumvi inawakera sana na fedha ipo, RO ni hiari yao.

Nyumba ya pili ni ya kijijini Bahi au Chamwino. Maji hutoka lambo au korongo. Hapa adui ni tope na vijidudu. Kutuliza, kuchuja kwa kanga na kutia dawa ya maji kwa ndoo ya lita 20 kila siku kunatosha, na gharama yake ni ndogo. Mashine ya umeme ikiletwa hapa itaziba kwa tope wiki chache tu.

Nyumba ya tatu ni ya kijijini Singida. Maji hutoka kisima kirefu, ni meupe na yanapendeza, lakini kipimo kimeonyesha floraidi nyingi. Kuchemsha hakusaidii kwa hilo. Njia nafuu zaidi kwa nyumba hii inaweza kuwa bati na tangi, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana floraidi. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la meta 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 500, hupokea lita 20,000 kwa mwaka. Ukipoteza sehemu moja ya tano, zinabaki 16,000. Familia inayotumia lita 15 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu itahitaji lita 3,600 kwa siku 240 za kiangazi. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika linaweza kuwavusha, mradi maji hayo hayafuliwi nguo. Yaache maji ya mvua ya kwanza yaoshe bati na kwenda zake, funika tangi, na tia dawa ya maji kwenye yale ya kunywa, maana ndege na vumbi huchafua bati.

Kama tangi ni dogo na maji ya mvua hayatoshi wote, wape kwanza watoto wa chini ya miaka 8. Meno yao ndiyo yanayojengwa sasa. Jambo jingine ni magadi ya kupikia mlenda na maharage. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, kwa hiyo mahali ambapo maji tayari yanayo, punguza magadi kwenye chakula cha mtoto au yaache kabisa.

## Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Mashine hii inaondoa nini? Vijidudu, chumvi, floraidi au harufu? Jibu la "inaondoa kila kitu" halitoshi. Omba akuonyeshe maandishi.
2. Ina alama ya ubora ya TBS? Je, imo kwenye orodha ya vyombo vilivyopimwa na Shirika la Afya Duniani? Shirika hilo hupima vyombo vya nyumbani kwa bakteria, virusi na vimelea, na kuvipa nyota 1 hadi 3.
3. Kwenye boksi kuna namba gani? NSF 42 inahusu ladha na harufu tu. NSF 53 inahusu vitu vinavyodhuru afya, na 58 ni ya mashine za RO. Namba 42 peke yake haikulindi na kuhara.
4. Vichujio vyake vinabadilishwa baada ya muda gani, vinauzwa wapi hapa Dodoma au Singida, na kwa bei gani?
5. Umeme ukikatika siku nzima, tutakunywa nini?

Kisha piga hesabu. Chukua bei ya mashine, ongeza bei ya vichujio vya miaka 3, gawanya kwa miezi 36. Linganisha na unachotumia kwa mwezi kwa mkaa wa kuchemshia au kwa dawa ya maji. Mashine ambayo hutaweza kuinunulia kichujio cha pili usiinunue. Kichujio kilichochakaa kinampa mama imani kwamba maji ni salama, naye anaacha kuchemsha.

## Maji yakishakuwa salama, yabaki salama

Maji mengi huchafuliwa ndani ya nyumba, baada ya kutibiwa. Kata huchovywa ndooni, mkono hugusa maji, kikombe cha mtoto huwekwa sakafuni kisha hurudishwa.

- Hifadhi maji ya kunywa kwenye ndoo yenye koki na mfuniko, au dumu lenye mdomo mwembamba. Mimina, usichovye.
- Mtungi hupoza maji vizuri kwenye joto la Dodoma. Uufunike, na uutengee kata yenye mpini mrefu inayotundikwa, isiyowekwa chini.
- Osha ndoo kwa sabuni angalau mara moja kwa wiki, pamoja na koki yake.
- Maji yaliyotibiwa yatumike ndani ya siku moja au mbili.
- Weka kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Mikono isiyooshwa huharibu kazi ya mashine yoyote.

Huna haja ya kutibu maji yote ya nyumbani. Ya kunywa, kupigia mswaki, kuoshea matunda na kutengenezea juisi yanatosha. Maji yanayochemka ndani ya uji au ugali hujitibu yenyewe kwa vijidudu. Lakini uji ukiwa wa moto na ukaongeza maji ya ndoo ili upoe haraka mtoto anywe, umerudisha vijidudu ndani. Upooze kwa kuweka bakuli ndani ya maji baridi.

## Mtoto mchanga, na mtoto akiharisha

Mtoto chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa, hata kwenye joto la Oktoba na Novemba. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kukiwa na joto. Pia, hata mama anapokunywa maji ya floraidi nyingi, maziwa yake huwa na floraidi kidogo sana. Kwa mtoto wa umri huo, ziwa la mama ni salama kuliko mashine yoyote. Kama anatumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa mtaalamu wa afya, mwambie mtaalamu huyo maji yenu yanatoka wapi.

Mtoto akianza kuharisha, usisubiri kujua chanzo. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Changanya ORS kwa maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko kila anapoharisha, na nenda kituo cha afya upate vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Mkimbize kituo cha afya mara moja ukiona:

- kinyesi kama maji ya mchele, kinachotoka kwa wingi
- damu kwenye kinyesi
- anatapika kila anachopewa, au hawezi kunywa wala kunyonya
- macho yamezama, analia bila machozi, au hakojoi
- amelegea, ana usingizi usio wa kawaida, au amepata degedege

Njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.

## Anza na hili wiki hii

Kama huna fedha ya mashine leo, usisubiri. Nunua dawa ya maji, ndoo moja yenye koki, na uanze na lita 20 za kunywa kila siku. Wakati huohuo, uliza kwenye jumuiya ya watumia maji kama kisima chenu kimewahi kupimwa floraidi, na matokeo yalikuwaje. Ukishapata jibu hilo, ndipo uende dukani. Utakuwa unajua unachotafuta, na muuzaji hatakuchagulia.